UZI: Kwenye muvi za giza, dada wa kazi ndiye anayemjua muuaji. Kwa nini hatumfuati yeye?

Mtu wa Taa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie usiku akishatulia.

Kazi yangu ni taa. Mwaka wa tisa huu nashika taa kwenye muvi na tamthilia zinazopigwa hapa Dar, kuanzia zile za siku nne kwenye nyumba ya kuazima Sinza mpaka hizi zinazorushwa kwenye visimbuzi. Na muvi ninazozipenda kupita zote ni za uhalifu zenye giza. Mvua imenyesha, lami inang'aa, mtu mmoja anautafuta ukweli, na kila akiusogelea anakuta mikono yake mwenyewe ina tope. Jina walizipa Wafaransa. Vita imekwisha, muvi za Marekani zilizokuwa haziingii Ufaransa zikamiminika Paris kwa mkupuo, na mwaka 1946 mkosoaji Nino Frank akaziita filamu nyeusi. Zilizokuja miaka ya baadaye, zenye rangi na ukatili zaidi, ndizo wanaziita nyeusi mpya.

Sasa litazameni hilo jina. Filamu nyeusi, halafu mtu mweusi ndani yake anabeba mabegi stesheni, anafungua mlango, anapiga piano, anatoka. Giza ni la kila mtu ila hadithi si yake.

Nieleze kilichonifanya nifungue uzi. Mwaka juzi nilikuwa kwenye tamthilia moja ya mauaji, kampuni siitaji. Tajiri kauawa nyumbani kwake Mikocheni. Kwenye skripti kuna binti wa kazi aliyekuwa jikoni usiku ule. Hana jina. Kurasa zote ameandikwa HAUSIGELI. Ana sini moja tu ya maana: saa tano usiku anapuliza jiko la mkaa uani, anasikia kishindo ndani, anageuka. Basi. Akionekana tena ni maiti, anaokotwa mtaroni.

Sini ile niliihangaikia saa nzima. Nilizima taa kubwa zote. Nikaficha taa moja ndogo ya rangi ya machungwa nyuma ya jiko, nikachukua kipande cha boksi nilichokibandika foili ya jikoni, nikakiegemeza kwenye ndoo kushoto kwake ili kirudishe mwanga kidogo shavuni. Mtu wa mekapu alishakuja na poda yake. Nikamsihi aache, ampake mafuta ya nazi, kidogo sana, kwenye mashavu na paji la uso. Binti alipogeuka, nusu ya uso ilizama gizani kabisa, nusu ikawaka kama shaba, na ndani ya jicho kukawa na nukta ya moto. Lokesheni nzima ilinyamaza. Mpaka kijana wa jenereta alisogea kuangalia.

Nikamfuata mwongozaji. Nikamwambia bosi, huyu binti anamjua muuaji, kwa nini tunamuua kabla hajasema? Akanijibu kwamba watazamaji hawawezi kukaa kumtazama hausigeli.

Jibu lile sijaliweka chini mpaka leo. Nimerudia kuziangalia zile kubwa za wenzetu nikiwa nalo kichwani, na kila niliporudia nimemkuta binti yuleyule.

Kuna moja ya mwaka 1947, Out of the Past. Mpelelezi anamtafuta mwanamke aliyetoroka na pesa. Anaanzia wapi? Anakwenda klabu ya watu weusi kuonana na aliyekuwa mfanyakazi wa ndani wa mwanamke huyo, Eunice. Kaigiza Theresa Harris. Amevaa vizuri, amekaa na mwanaume wake, anajibu kwa utulivu na hasemi zaidi ya anachotaka kusema. Ni dakika chache tu, lakini muvi nzima imening'inia kwenye maneno yake. Akishasema hatumuoni tena, na kwenye orodha ya waigizaji jina lake halikuandikwa.

Ukija kwa Chinatown ya mwaka 1974, ambayo wengi wanaitaja kama kilele cha nyeusi mpya, kuna mtunza bustani wa Kiasia kwenye nyumba ya yule injinia wa maji. Anamwambia mpelelezi kwamba maji ya bwawa ni mabaya kwa majani. Kiingereza chake kina lafudhi, neno linatoka vingine, mpelelezi anairudia ile lafudhi na kupita. Muda mrefu baadaye anarudi palepale, mtunza bustani anarudia, na safari hii anaelewa: maji ya bwawa yana chumvi. Ndipo kifo cha yule injinia kinapoanza kufumbuka. Mtu wa bustani alikuwa na ushahidi tangu siku ya kwanza. Na muvi imepewa jina la mtaa wa Wachina, ila Wachina wenyewe wamo kama watumishi, na kama watu wa kusimama barabarani mwishoni.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tukizungumzia uwakilishi kwenye muvi za aina hii watu wanahesabu sura: weusi wangapi, wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi. Mimi naona swali ni nani anaruhusiwa kuuliza maswali. Muvi ya upelelezi ni muvi ya macho, na mtazamaji anakaa ndani ya macho ya mtu fulani. Macho hayo wakipewa watu walewale kila siku, hata ukijaza mji mzima kwa nyuma yao bado hujamwakilisha mtu.

Na hapa Dar watu wanaoona kila kitu tunawajua. Muuza kahawa wa Kariakoo anapita na birika lake la makaa, vikombe vinagongana mkononi, anasimama katikati ya watu wanaopanga biashara za mamilioni na hakuna anayenyamaza kwa sababu yake. Mlinzi wa getini anajua gari gani liliingia saa nane usiku. Mama lishe anajua nani kaacha ghafla kulipia madeni. Wapelelezi wetu ndio hao, ila kwenye skripti zetu mlinzi ni Mmasai wa kuchekesha, jambazi ni Mkurya, mganga katoka Sumbawanga, mwizi wa mtandaoni ni Mnaijeria, na dada wa kazi hana jina.

Karibuni tujadili. Anayejua muvi iliyofanya tofauti, ailete.

Mzee wa Kibanda

Mkuu umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa na kibanda umiza Manzese tangu enzi za kanda za VHS, deki moja na runinga ya inchi 21, watu wamekaa kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Unajua lugha ya kibandani: kuna steringi na kuna maadui, na steringi hafi. Hao wengine wote hawana jina, hata sisi tulikuwa tunasema "yule wa shati la njano".

Lakini nikupe kitu ambacho nyinyi mliosomea kamera hamkijui. Baada ya kina Lufufu kuanza kutafsiri muvi kwa Kiswahili, mambo yalibadilika. Mtafsiri akimwona mpishi kapita na sinia, hamwachi hivi hivi. Anakwambia huyu anaitwa Mwajuma, katoka Kigoma, mshahara wa miezi mitatu hajalipwa, mtazameni huyu ana jambo. Watu wanapiga makofi! Mwajuma hana hata neno moja kwenye muvi yenyewe, lakini kibanda kizima kinamngoja arudi. Akirudi utasikia "Mwajuma huyo, Mwajuma huyo." Akiuawa watu wananyamaza kama msibani.

Kwa hiyo huyo mwongozaji wako aliyesema watazamaji hawawezi kumtazama hausigeli hajawahi kukaa kwenye benchi langu.

Biashara Kwanza

Mtoa mada, naheshimu kazi yako lakini hapa naona ajenda za watu wa nje zinaingizwa kidogo kidogo. Muvi si bunge kwamba kila mkoa uwe na mbunge wake. Mtu analipa pesa yake aone hadithi kali, mwanamke mzuri, gari zuri, risasi. Kama mlinzi Mmasai anachekesha, anachekesha. Nionyeshe muvi moja ya hivyo unavyotaka iliyouza.

Mtu wa Taa

Mkuu Biashara Kwanza, nashukuru umeuliza kwa uwazi. Mimi viti maalumu sidai. Mtu akiwekwa ili aonekane tu, hadithi inamtema yenyewe na mtazamaji analijua hilo kabla ya mimi. Ninachodai ni pale mtu alivyo ndipo hadithi inapogeukia, kiasi kwamba ukimtoa yeye muvi haipo.

Mfano wangu ni Devil in a Blue Dress ya mwaka 1995, ya mwongozaji Carl Franklin, kutoka kwenye riwaya ya Walter Mosley. Los Angeles, mwaka 1948. Denzel Washington ni Easy Rawlins, fundi wa kiwanda cha ndege aliyefukuzwa kazi na ana nyumba anayoilipia kila mwezi. Anakuja mzungu na pesa, anamtaka amtafute mwanamke wa kizungu. Kwa nini aende kwa fundi asiye na kazi asiende kwa mpelelezi? Kwa sababu mwanamke huyo huwa anaonekana kwenye vilabu vya watu weusi, na mzungu akiingia mle kila mtu anafunga mdomo. Rangi ya Easy ndiyo ufunguo wa milango ile, na ndiyo hatari yake, kwa sababu akitoka mle na kusogea upande wa pili wa mji anaweza kupigwa kwa kusimama tu karibu na binti wa kizungu. Hadithi inatembea kwa miguu yake. Na anachokitetea ni kile kinyumba chake. Miti yake, kibaraza chake. Nani hapa Tabata au Mbagala asiyeelewa mtu aliyeingia kwenye kazi chafu ili asipoteze kiwanja?

Umeuliza kama iliuza. Haikufanya vizuri sokoni, na hawakutengeneza nyingine ya Easy, ingawa Mosley aliandika vitabu vingi juu yake. Linaniuma, lakini ndivyo ilivyo. Ila chukua Nairobi Half Life ya mwaka 2012, hapo kwa jirani: kijana wa kijijini anakwenda mjini kuwa mwigizaji, anaishia kwenye genge la wizi. Wanaongea Kiswahili, Kikuyu na Sheng kama mtaa unavyoongea, hakuna aliyelazimishwa kuongea kama msoma taarifa. Ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Kabla yake, mwaka 2010, Djo Tunda Wa Munga wa Kongo alitoa Viva Riva!, Kinshasa haina petroli na jamaa karudi na mzigo wa petroli ya wizi kutoka Angola. Uhaba wa mafuta ndio fitina nzima. Hapo hakuna ajenda ya mtu wa nje, huo ni mji unaojieleza shida zake.

Na nikupe sini moja kwenye Widows ya mwaka 2018, ya Steve McQueen. Mwanasiasa anatoka kwenye mkutano mtaa wa maskini Chicago, anaingia kwenye gari. Kamera imefungwa nje, juu ya boneti. Tunamsikia anaropoka ndani lakini hatumwoni. Tunachokiona ni mtaa: viwanja vitupu, nyumba chakavu, halafu miti inaanza, halafu nyumba kubwa, amefika kwake. Ni dakika chache na haijakatwa hata mara moja. Kinachoonekana kupitia kioo ni dereva wake, mweusi, anaendesha kimya. Kila nikipita kutoka Msasani kijijini kuingia Masaki naikumbuka sini ile. Safari yetu ni fupi kuliko yao.

Upanga Kwetu

Habari zenu ndugu zangu. Nimesoma kimya nikaona niseme. Mimi ni Mtanzania wa asili ya Kihindi, babu wa babu yangu alifika hapa kwa jahazi. Nyumbani tunaongea Kikutchi na Kiswahili, na Kiswahili ndicho ninachogombana nacho na kuotea ndoto.

Miaka michache nyuma nilikwenda kwenye usaili wa tamthilia moja ya uhalifu. Nafasi yangu: mwenye duka anayesafisha pesa za majambazi. Nikasema sawa, uhalifu hauna kabila. Nikasoma mistari yangu. Wakaniambia nisome tena, ila "kama Muhindi". Wakataka niseme "veve nataka nini". Nikawaambia sijui kuongea hivyo. Dada mmoja pale akajitolea kunifundisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile.

Mtoa mada, kama kuna sehemu ya muvi ya giza hapa mjini ni Kisutu na Upanga. Fleti za zamani, ngazi moja inatumiwa na familia nane, kila balkoni inaona balkoni nyingine. Jioni udi unatoka mlango huu, bizari mlango ule, kengele za mahekalu huku, adhana kule. Mtu akipanda ngazi saa saba usiku bibi yangu anamjua kwa mlio wa viatu. Babu yangu alikuwa mtu wa sinema, Empire, Avalon, Empress zote alizijua, na akituhadithia Drive-In ya pale ulipo ubalozi wa Marekani leo unatamani ungekuwepo. Mji huu tumeukaa kwenye viti vilevile na kwenye giza lilelile na nyinyi. Sitaki kupewa nafasi ya malaika. Nipeni hata muuaji, ila aongee kama mimi.

Msomaji wa Vitabu

Tusisahau tulikotoka. Mpelelezi wa Kiswahili hakuletwa na kisimbuzi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alikwishaingia kitabuni mwaka 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale, kule Unguja. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Miaka ya 70 Musiba akatuletea Willy Gamba, kisha Mtobwa na Joram Kiango wake, na Dar es Salaam Usiku, ambayo kwangu ni ya giza kuliko muvi yoyote iliyopigwa hapa. Watu walikuwa wanaazimana vitabu hivyo mpaka vinakosa jalada.

Ila nikiwasoma leo kuna jambo linanikera. Wanaume wale waliruhusiwa kuwa na hofu, tamaa, majuto. Mwanamke mara nyingi ni mtego au ni maiti. Joram anaye Nuru, msichana jasiri kabisa, na mwandishi hachoki kutukumbusha uzuri wake. Wamarekani nao waliijenga filamu nyeusi juu ya mwanamke mzuri anayempoteza mwanaume. Ningependa mtu aandike upya kisa kimoja kwa upande wa huyo mwanamke: kwa nini alidanganya, alikuwa anamkimbia nani, pesa zile alikuwa anazipeleka wapi.

Kofia Pana

Naomba nichangie kwa upande wangu. Mimi nina ualbino.

Kwenye muvi na tamthilia za uhalifu hapa kwetu nafasi yangu inajulikana kabla sijafika: ni mtu wa kuwindwa. Najua ni kwa nini, mauaji yale ya kanda ya ziwa yalikuwa ya kweli na hatutayasahau. Lakini tangu hapo sijaona mtu kama mimi akiwa karani wa mahakama, au fundi simu, au mwizi tu wa kawaida. Kila nikitokea ni panga, mganga, na muziki wa huzuni.

Mtoa mada wewe ni mtu wa taa, nikuulize la kitaalamu. Niliwahi kuigiza siku mbili. Mchana walinipanga juani kuanzia saa nne mpaka saa nane nikaungua shingo. Usiku wakaniwekea taa kubwa usoni, macho yakacheza, machozi yakanitoka, wakaniambia vizuri sana, endelea hivyo hivyo. Walidhani naigiza.

Watu hawajui kwamba mchana ndio unanitesa. Sioni mbali, mchana wala usiku. Ila usiku macho hayaumi, navua kofia, nakunja mikono ya shati, natembea Magomeni nzima kama mtu mwingine. Nyinyi mnasema muvi za giza zinatisha, kwangu giza ndilo raha. Mpelelezi wa hivyo mnaye?

Mtu wa Taa

Kaka Kofia Pana, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kwanza pole kwa yale ya lokesheni, na kwa niaba ya sisi watu wa taa naomba radhi, hilo lilikuwa kosa letu kabla ya kuwa la mtu mwingine.

Vifaa vyetu vina historia yake. Enzi za filamu za mkanda, Kodak walikuwa na kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, watu wakaiita Shirley. Ikitoka vizuri ngozi yake, basi rangi imekaa. Ngozi nyeusi ikitoka kama doa, hilo halikuwa tatizo la mtu. Waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, kwa sababu mbao nyeusi na nyeupe, na hata aina za chokoleti, zilikuwa hazitofautiani kwenye matangazo. Kumbe kwenye muvi kuna waliokuwa wameshajiongeza. In the Heat of the Night ya mwaka 1967, Sidney Poitier ni mpelelezi mweusi kwenye mji wa Mississippi, na mpiga picha Haskell Wexler alipunguza ukali wa taa kwa ajili ya ngozi yake, kwa sababu taa za kawaida zilikuwa zinamfanya ang'ae vibaya. Matokeo yake unauona uso wa mtu anayefikiri. Mpelelezi ambaye huoni anafikiri nini ni mtu aliyevaa kofia tu.

Sisi hapa tuna ngozi za kila aina kwenye fremu moja na bado tunawasha taa zote kana kwamba tunapiga harusi, kisha tunapaka poda mpaka uso unakuwa kijivu kama majivu ya jiko. Wewe nisingekuwekea taa ya mbele kabisa. Ningeanza na taa ya barabarani ya mbali na mwanga wa duka la dawa kwa nyuma, basi. Nywele zako zenyewe zingeshika mwanga. Na mpelelezi asiyeona mbali, anayelazimika kumsogelea mtu mpaka asikie pumzi yake ndipo amtambue, sijawahi kumwona kwenye muvi ya nchi yoyote. Nakuomba tuwasiliane faragha.

Biashara Kwanza

Hiyo ya mpelelezi wa usiku mimi ningelipia. Nasema kweli.

Dada wa Zamu ya Usiku

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo kaka Mtu wa Taa umenigusa.

Nafanya usafi kwenye jengo moja la maofisi Posta. Naingia saa kumi na mbili jioni watu wakitoka, namaliza saa nne usiku, nakimbilia gari la Mbagala. Mwaka wa sita huu. Jina langu liko kwenye beji kifuani, herufi kubwa, na ghorofa nzima wananiita dada wa usafi.

Mwaka jana iliibiwa kompyuta kwenye ofisi moja pale. Siku ya pili watu wote waliitwa chumba cha mikutano mmoja mmoja wakaulizwa. Mimi niliitwa getini, pochi yangu ikamwagwa juu ya meza: kanga, chakula changu, dawa za mtoto. Wakaona hakuna kitu wakaniambia nenda. Nilipekuliwa, sikuulizwa.

Na mimi nilikuwa najua. Nitawaambia nilijuaje. Bosi wa ofisi ile ni mrefu, kiti chake kinakaa juu kabisa, kila siku nakikuta hivyohivyo na siku zote sikigusi, nafuta tu. Usiku ule nilikikuta kimeshushwa mpaka chini. Mtu mfupi alikaa pale kwa muda, maana hukishushi kiti kama unapita tu. Juu ya meza kulikuwa na vikombe viwili. Bosi ana kisukari, hatumii sukari, kikombe chake nakiosha kwa maji tu. Kimoja kati ya vile kilikuwa na sukari imeganda chini, nyingi, ya mtu anayeweka vijiko vinne. Pale ghorofani mtu mfupi anayeweka vijiko vinne ni mmoja. Na kapu la takataka lilikuwa tupu kabla sijalimwaga mimi. Kwenye miaka sita hakuna mtu aliyewahi kunimwagia kapu.

Nikaosha vikombe, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Nikapandisha kiti.

Mpaka leo huwa najiuliza, kama wangeniuliza ningesema? Sijui. Nina watoto wawili, na yule mtu bado yupo. Lakini ningependa wangeniuliza.

Mzee wa Kibanda

Mwajuma huyo.

Upanga Kwetu

Dada, kiti! Nimesoma vitabu vya upelelezi toka utotoni, cha kiti sijawahi kukutana nacho.

Mtu wa Taa

Dada yangu, shikamoo, hata kama nimekuzidi umri. Nimekaa hapa na simu mkononi sijui niandike nini.

Nina skripti ambayo nimekuwa nikiiandika kwa siri, kurasa arobaini na mbili, na tangu mwanzo ilikuwa inagoma. Sasa naona kwa nini: nimemweka mpelelezi wa polisi mwenye koti, anakuja asubuhi, vikombe vimeshaoshwa. Natakiwa nianze usiku, na mtu aliyeshika ndoo. Sitaandika ofisi yako wala jengo lako wala jina lako. Naomba ruhusa ya kile kiti na ile sukari. Na muvi ikipigwa, kwenye majina ya waandishi utakuwepo kwa jina lolote utakalochagua, na malipo yako yataandikwa kwenye mkataba kabla ya kamera kuwashwa.

Dada wa Zamu ya Usiku

Marahaba kaka.

Ruhusa nimekupa. Ila nimeziona hizo tamthilia zenu, dada wa kazi akishaona kitu hafiki mwisho. Mimi nifike.

Kesho nikitoka zamu nitakuandikia habari ya lifti ya mizigo. Ile haina kamera, na kuna watu wawili tu wenye funguo yake baada ya saa tatu.